Kitabu Juu ya Meza ya Kufungashia

Lilianza kama jambo dogo tu, la kusingizia paka. Asubuhi moja muuza vitabu, ambaye majirani walimwita Bwana Kurasa, alifungua stoo yake akakuta kitabu juu ya meza ya kufungashia, kando ya mkasi na solotepu. Kilikuwa kitabu kikuukuu cha milima ya moto. Yeye hakukiweka pale. Alipokigusa, jalada lilikuwa na joto kama kiti alichotoka mtu kukikalia, na stoo nzima ilinuka nywele zilizoungua.

"Mke wangu, umeingia stoo?"

"Na tumbo hili? Mlango wenyewe naupita ubavu ubavu," mkewe akajibu kutoka jikoni. Ilikuwa mimba yao ya kwanza kufika mwezi wa nane.

Akakirudisha kwenye rafu. Kazi yake ilikuwa kuuza vitabu vilivyotumika kwa njia ya mtandao: anapiga picha, anaandika bei kwenye simu, oda ikija anafungasha. Adhuhuri redio ikatangaza kwamba mlima umelipuka nchi ya mbali na kufukia vijiji. Hajamaliza kula, watu watatu walikuwa wanakigombania kitabu ambacho tangu akinunue hakuna aliyewahi kukiulizia.

Baadaye kikaja mezani cha madaraja. Daraja likaanguka huko kwa watu, treni ikiwa juu yake. Kikaja cha maisha ya mwimbaji mmoja mzee. Kabla jua halijazama, habari za msiba wake zimejaa kila simu. Na Bwana Kurasa, Mungu amsamehe, hakuogopa kama ilivyompasa kuogopa. Alianza kupandisha bei asubuhi, kabla ya habari. Kwa mkewe alisema hili tu: "Ukikuta kitabu mezani, ujue hicho ni cha bei ya juu. Usiulize."

"Haya, mnajimu wangu," mkewe akacheka.

Swala hakuacha hata moja. Lakini akiomba dua, viganja viko usoni, sikio liko stoo.

Kisha meza ikakaa tupu. Dunia ilitulia siku hizo, watu walilala na kuamka salama, naye akanuna. Asubuhi moja alisimama katikati ya rafu akasema kwa sauti, kama bosi anayemkaripia kibarua:

"Vipi, leo huna kitu?"

Halafu nyuma ya kisogo chake, kwenye rafu ya chini, jalada likaanza kukwaruza mbao, taratibu, kama ukucha mrefu unaopitishwa mlangoni na mtu asiye na haraka, na ile harufu ya nywele ikapanda kutoka sakafuni hadi ikamkaa kooni, na hakugeuka, shingo ilikataa, akasimama tu akisikia kurasa zikipigapiga, zikipita karibu na bega lake, hadi kitu kizito kikatua mezani mbele yake. Kilikuwa kitabu asichowahi kukinunua. Kilifundisha namna ya kumlea mtoto ambaye mama yake amefia uzazini.

Alitoka mbio bila viatu, bila simu, mpaka kwa ustadhi wa msikiti wa jirani, akamweleza yote.

"Jini hajui ghaibu, hajui yasiyotokea," ustadhi alisema kwa sauti ya chini. "Ila ana mbio. Mlima ukilipuka, yeye anakufikia kabla ya redio."

"Na hiki cha leo? Mke wangu mzima, nimemwacha anakunywa chai!"

"Msiba wa hiki haujatokea. Hiki umemwagiza wewe mwenyewe. Anangoja ukubali."

"Nikubali vipi, ustadhi?"

"Siku zote ulikuwa unakubali vipi?"

Bwana Kurasa akafumba macho. "Kwa kuweka bei."

Walipofika, mkewe alikuwa amekaa stoo, simu mkononi, kitabu mbele yake.

"Shikamoo ustadhi. Na wewe, mguu chuma bila hata viatu, watoka wapi? Nimeshakufanyia kazi. Nimekikuta mezani, nimekipiga picha, nimekitilia bei kupita vyote. Kinatisha kidogo, lakini si ulisema nisiulize?"

Simu ikalia.

"Haa! Kimeshapata mtu."

Mahali pa jina palikuwa patupu. Kwenye maelekezo paliandikwa: *Msitume. Nipo hapa.* Mkewe akashika tumbo, akainama, rangi yote usoni ikamtoka. "Baba... kuna mkono," alinong'ona. "Kuna mkono mgongoni kwangu."

Bwana Kurasa alimpokonya simu. Vidole viliteleza kwa jasho. Akaifuta oda, akalifuta tangazo, akapiga magoti, akasema mbele ya mkewe yale aliyomficha: kwamba alijua, kwamba alingojea watu wafe ili auze, kwamba asubuhi ile alikwenda kuomba mwenyewe. "Sikitaki! Sikiuzi!" Ustadhi alisoma bila kupumzika, na kadiri alivyosoma ndivyo rafu zilivyotikisika moja baada ya nyingine kuelekea dirishani, mpaka kioo kikapasuka na harufu ikatoka ikiburura upepo nyuma yake. Kitabu kikawa baridi. Kurasa zote zilikuwa nyeupe.

Ustadhi akajifuta uso. "Stoo nimemtoa," alimwambia mlangoni. "Humo kifuani mwako siwezi kukuingilia."

Mkewe alijifungua hospitalini siku ileile, mtoto wa kike, wote wazima. Stoo ikatiwa kufuli.

Mtoto alipoanza kukaza shingo, Bwana Kurasa alikuwa amempakata barazani alasiri moja wakati redio ya jirani iliposema bwawa limepasuka nchi fulani, maji yamechukua mji, waliokufa hawajulikani idadi.

"Masikini wee, watoto wa watu," mkewe akasema.

"Inna lillahi," mdomo wa Bwana Kurasa ukatamka. Lakini moyo ulikuwa umeshatangulia, umeshafika rafu ya tatu, mkono wa kushoto, kwenye kile cha mito na mabwawa chenye jalada la bluu.

Mtoto akageuza kichwa kuelekea stoo. Nyuma ya kufuli, taratibu, jalada likaanza kukwaruza mbao.