Maji ya Laini na Maji ya Meneja

Mwaka wa 1966, mimi Kiende na mume wangu Mbaabu tulikuwa vibarua kwenye shamba la Mzungu kule Timau. Tuliishi laini, kwenye vibanda vya wafanyakazi. Asubuhi niliteka maji, nikapika uji, kisha nikaenda kuchuma pareto. Nilikuwa nimeshazika mtoto mmoja. Sasa wa pili, Mwendwa, alikuwa anaharisha, macho yameingia ndani.

Karani wa shamba alinipa vidonge viwili.

"Meneja anasema watoto wa Waafrika wana matumbo dhaifu," akasema. "Ni damu yenu."

Damu yetu! Na yeye karani alikuwa Mzungu? Lakini mimi mjinga niliamini.

Siku hiyo bwana afya alikuja kukagua laini. Jina lake Nthiga, mtu wa Embu. Alimtazama Mwendwa.

"Mama, huyu anakunywa maji gani?"

"Ya chemchemi. Yanatoka mlimani, ni safi kabisa. Tunachemsha ya chai tu."

"Na vyoo viko wapi?"

Nikamwonyesha. Vilikuwa mteremkoni, upande wa juu wa chemchemi, nyuma ya miti. Meneja alikataa vichimbwe karibu na barabara, eti wageni wake wasivione. Tukavichimba huko wenyewe.

"Mvua ikinyesha, uchafu unateremka wapi?"

Nikaufuata mteremko kwa macho mpaka kwenye chemchemi.

"Mtoto wa meneja anakunywa ya wapi?"

"Ya bomba."

"Basi si damu, mama. Mpe yule maji haya, ataharisha vilevile. Chemsha maji mpaka yatokote. Yakipoa, mpe Mwendwa kidogo kidogo, mara nyingi, kisha mpeleke hospitali. Nitamwandikia meneja barua. Sheria inamtaka awape maji safi."

Mbaabu alimbeba mtoto mbio hadi hospitalini. Mimi sikungoja barua. Nilichota kikombe pale chemchemi, nikaenda mpaka barazani kwa meneja. Wanawake wenzangu walinifuata na madebe.

"Kunywa, bwana," nikamwambia.

Akakitazama kikombe. "Siwezi kunywa haya."

"Hata Mwendwa hawezi!"

Tukaenda kwenye bomba la kumwagilia maua yake, tukajaza madebe. Alipiga kelele wee! Tukaendelea kuteka.

Barua ya Nthiga ilipofika, meneja alinywea. Bomba likaletwa laini. Vyoo tukavihamishia chini, mbali na maji. Mwendwa alipona, na mwaka uliofuata hatukuzika mtoto hata mmoja pale laini.

Lakini hasira yangu haijaisha. Mtaro wa lile bomba ulichimbwa kwa siku nne. Siku nne tu, na mtoto wangu wa kwanza yuko kaburini!