Tembe za Mke wa Dereva

Maji yalirudi mtaani Mbotela asubuhi hiyo, na akina mama wakajaa bombani na mabeseni yao. Kalekye alifua nepi za mtoto wake, Kathini, kwa hasira, utadhani nepi ndizo zilizomkosea. Hedhi yake ilikuwa imechelewa. Tena!

Kathini alikuwa bado anatambaa. Siku alipozaliwa, Kalekye alivuja damu nusura afe. Daktari alimwonya asishike mimba nyingine upesi, mwili upumzike kwanza. Sasa je?

"Mama Seth!" alifoka alipomwona jirani yake akija na ndoo. "Zile tembe zenu za kupanga uzazi ni bure kabisa!"

Mama Seth alikuwa mhudumu wa afya ya jamii pale mtaani. Alizoea kufokewa. Aliweka ndoo chini.

"Zimekukosea nini?"

"Nimechelewa! Na tembe nameza!"

"Unamezaje?"

"Nzomo akinipigia simu kwamba amefika Mlolongo, karibu na nyumbani, nabandika sufuria, nameza moja. Akiwa amekaa sana safarini, nameza mbili."

Nzomo, mume wake, aliendesha lori la mizigo kati ya Mombasa na Busia.

"Na siku ambazo hayupo?"

"Nimeze za nini na mtu hayupo?"

Mama Seth alishika kiuno. "Uwi, Mama Kathini! Kwani hii ni dawa ya kichwa, umeze pale kinapouma? Tembe inazuia yai lisitoke. Ukiacha kumeza, yai linatoka. Yai litajuaje kama Nzomo yuko Mombasa au yuko kitandani? Ni tembe moja kila siku, saa ile ile, mume awepo asiwepo!"

Kalekye alishusha sauti. "Dereva akikuta tembe zimepungua na yeye hakuwepo, si atauliza namezea nani? Mke wa Wabwire, yule dereva mwenzake, alifukuzwa kwa hilo hilo."

Mama Seth akasonya. "Kausha mikono. Twende kliniki."

Njia nzima Kalekye alinung'unika. Alimkasirikia Nzomo, akamkasirikia Wabwire, kisha akajikasirikia mwenyewe. Kliniki ilikuwa na foleni, akangoja mpaka muuguzi, Marion, alipopima mkojo wake.

"Huna mimba," Marion alisema. "Ukimeza leo ukaacha kesho, hedhi inavurugika. Safari hii umebahatika tu, mama."

Kalekye alilia, akacheka, akalia tena.

Marion alimpima presha. Akamuuliza kama anavuta sigara, kama damu iliwahi kumganda mguuni, kama anatumia dawa za kifua kikuu au za kifafa.

"Maswali yote haya ya nini?" Kalekye alichoka.

"Kwa sababu tembe hizi hazimfai kila mtu. Mwenye presha ya juu, au anayenyonyesha mtoto wa chini ya miezi sita, tunamtafutia njia nyingine. Ndiyo maana haziazimwi kama chumvi."

"Na nikisahau?"

"Ukisahau moja, meza mara tu unapokumbuka, kisha endelea kama kawaida, hata kama ni mbili siku moja. Ukisahau mbili au zaidi mfululizo, meza moja upesi, endelea, mtumie kondomu siku saba, na uje utuone. Na sasa unapoanza upya, kondomu siku saba vilevile."

"Kichefuchefu je? Mara ya kwanza kilinisumbua."

"Miezi ya mwanzo huenda ukahisi kichefuchefu, au ukaona matone ya damu. Huisha. Lakini kifua kikiuma sana, mguu ukivimba na kuuma, kichwa kikigonga vibaya au macho yakififia, acha tembe uje mara moja. Na tembe hazizuii Ukimwi. Hiyo ni kazi ya kondomu."

"Kesho nisije nikawa tasa!"

"Nani alikudanganya? Ukitaka mtoto unaacha, uzazi unarudi."

Kalekye alianza upya. Kila jioni, akishamlisha Kathini, alimeza tembe moja. Hakuogopa tena zikionekana zimepungua.

Nzomo aliporudi aliona pakiti juu ya meza, nusu imekwisha. Uso ukamkunjamana.

"Mimi nilikuwa Busia. Hizi umemezea nani?"

Kalekye alipandwa na hasira. "Ulipokuwa Busia, ulikula?"

"Nilikula."

"Ulikula kwa ajili ya nani? Mbona hukungoja ufike nyumbani?"

Nzomo aliitazama tena pakiti.

"Baba Kathini, siku ile damu ilinitoka mimi. Wewe uliambiwa kwa simu. Najimezea mwenyewe, nibaki hai, nimlee mtoto wetu."

Nzomo aliketi. Alimpakata Kathini aliyekuwa akimvuta suruali. "Nipeleke kwa huyo muuguzi," alisema mwishowe. Akaenda, akauliza maswali yake, mengine ya aibu, Marion akayajibu yote.

Siku hizi Kathini anakimbia uani, na Kalekye amerudiwa na nguvu. Juzi dereva mwenzake Nzomo alimtania: "Wewe Nzomo, mtoto wa pili lini? Ama lori limekumaliza?"

Wanaume wakacheka.

"Muulize Mama Kathini," Nzomo alijibu. "Mwenye mwili ndiye atakayesema lini."