Bibi Robhi na Pikipiki ya Mkwewe

Hapana, hapana, si kwamba Bibi Robhi alikuwa hampendi mkwewe. Nani kakwambia? Alimpenda sana. Ndiyo maana hakutaka kupanda pikipiki yake. Ngoja niwaeleze vizuri, maana nyie watoto wa siku hizi mnakaa na wakwe sebule moja mkiangalia mpira, mtaona kama nawatania.

Huku kwetu Ukuryani, mama mkwe na mume wa binti yake wana soni. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, hawali sahani moja. Mkwe akimwona mama mkwe anakuja, anaacha njia, anapita majanini. Si chuki hiyo. Ni heshima, tena heshima kubwa. Na zamani haikuwa na shida. Gari la abiria la Nelson lilikuwa linapita hapa kijijini Busawe kila asubuhi kwenda mjini Mugumu. Mama mkwe anakaa nyuma kabisa, mkwe anakaa mbele na dereva, katikati wapo watu na kuku na magunia. Soni inafika mjini salama.

Shida ilikuja petroli ilipopanda bei. Ikapanda, watu wakalalamika, ikapanda tena. Nelson akapandisha nauli, abiria wakapungua. Abiria walivyopungua, akasema haondoki mpaka gari lijae. Nalo likawa halijai. Mwisho akaliegesha nyumbani kwake, kuku wakapata pa kutagia. Watu wakahamia kwenye magurudumu mawili, mwenye pikipiki na pikipiki, mwenye baiskeli na baiskeli. Na pikipiki, wajukuu zangu, haina kiti cha nyuma kabisa.

Sasa Bibi Robhi alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili. Yalikuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa. Mjukuu wake Wegesa, msichana wa darasa la sita, ndiye aliyekaa naye pale Busawe. Alimchotea maji, alimchagulia mawe kwenye maharage, alimwelekeza mlango ulipo. Wazazi wa Wegesa walikuwa Kewanja. Baba yake, Benedicto, aliendesha bodaboda, akibeba watu wanaofanya kazi mgodini. Mama yake ni Elieth, binti wa Bibi Robhi.

Basi wakaja madaktari wa macho Mugumu, wale wanaokuja mara moja na kuondoka. Bibi alipangiwa siku yao ya mwisho. Sadock, kijana wa bodaboda pale kijijini, akaahidi kumpeleka, ila akasema petroli Busawe imekwisha. Benedicto akasema nitamletea petroli mimi.

Asubuhi ile Wegesa aliamka, akawasha moto, akamwogesha bibi, akampaka mafuta miguuni. Nje ikanguruma pikipiki. Akatoka mbio akijua ni Sadock. Alikuwa ni baba yake, ana dumu la petroli, amesimama kule kwenye zizi, ameipa nyumba mgongo kama inavyompasa mkwe.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Sadock yuko wapi?"

"Amempeleka mama mmoja zahanati kwa petroli kidogo iliyobaki, anajifungua. Jirani kasema walimgongea kabla hakujakucha. Simu yake haipatikani."

Benedicto akatazama barabara. Hakuna kitu, vumbi tu. "Hapo huwezi kumlaumu," akasema. "Lakini madaktari wanaondoka leo."

Wegesa akalitazama koti la mvua la baba yake. Akaitazama kofia yake ngumu yenye kioo cheusi.

"Baba, bibi haoni."

"Ndiyo sababu anaenda hospitali."

"Hapana, nasema haoni. Ukishusha kioo, usiseme neno, atajua wewe ni Sadock."

"Wegesa! Unataka nilaaniwe?"

"Wewe unataka awe kipofu?"

Benedicto akaitazama barabara tena. Halafu, taratibu, akashusha kioo.

Wegesa akaingia ndani. "Bibi, Sadock amekuja!" Uongo wa kwanza ulitoka laini kama uji.

Bibi akatoka, kashika bega la mjukuu, kavaa kitenge chake cha kanisani. "Umeamkaje, Sadock, mura, kijana wangu?"

Kofia ikainama, basi.

"Mbona haitikii?"

"Ana... ana jino, bibi. Limevimba. Hawezi kuongea." Uongo wa pili. Mmeona? Hata mguu haujapanda pikipiki.

"Pole sana, mwanangu. Ukirudi chemsha majani ya mpera usukutue."

Wakapanda, Sadock wa uongo mbele, bibi katikati, Wegesa nyuma akimshikilia asidondoke. Watatu kwenye pikipiki moja, mshikaki, jambo ambalo askari wanalikataza, na wana haki ya kulikataza. Msiige. Mimi nasimulia ilivyokuwa.

Barabara ilikuwa ya mashimo, wakaenda polepole. Bibi alikuwa kakishika kiuno kile kwa mikono miwili, na kwa sababu alikuwa anaogopa, akaanza kuongea. Wazee tukiogopa tunaongea.

"Sadock, nikwambie kitu. Wewe si mkwe wangu, kwako sina soni. Mimi naogopa, mwanangu. Juzi niliingiza mkono motoni nikidhani nashika mwiko. Nikamficha hata huyu mtoto, nikasema nimejikwaruza. Wakishindwa haya macho, nitakuwa mzigo kwa Benedicto wa watu. Usije ukamwambia."

Wegesa kule nyuma akasikia. Alikiona kile kidonda, kweli, na akaamini ni mkwaruzo. Alitaka kusema bibi nyamaza, lakini angesemaje? Akainamisha uso kwenye mgongo wa bibi.

Bibi akaendelea. "Ni mtu mzuri Benedicto. Ila alipokuja kumposa Elieth mimi nilikataa! Nilisema miguu ile kama ya korongo, siku ya upepo si tutamfuata Kenya? Na kutembea kwake, umeshamwona? Kama mtu anayeogopa kukanyaga mayai!"

Hapo ndipo ilipoharibika. Benedicto alijizuia, mabega yakatetemeka, tumbo likakaza, lakini wapi! Cheko likamtoka, lile lake linaloanza juu kama mbuzi na kuishia chini kama ng'ombe.

Bibi Robhi akalijua papo hapo. Miaka yote lilikuwa linamfikia kupitia ukutani. Akaachia mikono kama ameshika kaa la moto. Pikipiki ikayumba, Wegesa akamkumbatia kwa nguvu, Benedicto akafunga breki. Walikuwa wameshafika upande wa Manchira, mji si mbali.

Bibi akashuka bila kushikwa. Akapapasa mpaka ukingoni mwa barabara, akaketi kwenye nyasi, akajifunika kitenge kichwani. Benedicto naye akavua kofia, akaenda kusimama mbali, kawapa mgongo. Wegesa akabaki katikati, hajui aelekee wapi.

"Wegesa," bibi akasema chini ya kitenge, "mwambie huyo mtu anirudishe nyumbani... hapana, asinirudishe. Mwambie aende. Nitabaki hapa hapa na macho yangu."

Ndivyo desturi ilivyo, mama mkwe akikasirika na mkwe, maneno yanapita kwa mtu wa tatu, hata kama wanasikiana wenyewe. Wegesa akatamani kuyapunguza makali. Lakini alikuwa ameshachoka na uongo. Akamwendea baba yake.

"Bibi kasema uende. Kasema atabaki hapa na macho yake."

"Mwambie mama," Benedicto akasema, na sauti yake ilikuwa haina cheko tena, "mwambie nimekosa. Mimi ni mtu mzima, ningekataa. Nitatoa mbuzi, nitatoa chochote wazee watakachosema. Lakini asipoteze macho kwa kosa langu."

Wegesa akarudi, akapiga magoti kwenye nyasi.

"Bibi, kasema kakosa. Lakini si yeye. Ni mimi. Mimi ndiye niliyepanga. Na lile jino ni mimi."

"Kwa nini hukuniuliza, mwanangu?"

"Nilijua utakataa."

"Ningekataa pikipiki," bibi akasema. "Macho ningekataa? Mimi ndiye ninayeungua mikono! Ungesema bibi, Sadock hayupo, na aliyepo ni baba yako, tungekaa hapo tukafikiri wote. Ningejua kwamba mkwe yuko, ningefunga mdomo. Kiti kile tulichokaa pamoja, mbuzi wa kuomba radhi atakisafisha. Lakini maneno yangu ya moyoni mmeyachukua, na hayo mbuzi hawezi kuyarudisha."

Wegesa akalia. Bibi hakumnyamazisha. Akamwacha alie, huku mkono wake uliopapasa ukikaa juu ya kichwa cha mtoto.

Ndipo ikasikika kengele ya baiskeli. Mama mmoja, Frida, alikuwa anapeleka maziwa Mugumu, madumu mawili kayafunga kwenye keria. Zamani maziwa yale yalikuwa yanapanda gari la Nelson. Siku hizi Frida anayakanyagia mwenyewe, na vijana wanaomcheka njiani anawajibu, tena vizuri.

"Shikamoo, mama," akasema. Akamtazama bibi, akamtazama mtoto analia, akatazama ule mgongo wa mwanamume kule mbali. Frida naye ni Mkurya. Hakuhitaji kuelezwa mengi. "Hee! Ni mkwe huyo?"

"Ni mkwe," bibi akajibu.

"Kwenye pikipiki moja?"

"Usiniulize."

Wegesa akafuta uso. Akatazama ile keria. Mara hii hakwenda kunong'ona pembeni. Alisema palepale, mbele ya bibi, kwa sauti:

"Bibi, kuna baiskeli hapa yenye madumu ya maziwa. Kuna pikipiki ya baba. Kama mama huyu atakubali, madumu yapande pikipiki, wewe upande baiskeli, sisi tusukume. Unaonaje? Ukikataa, tutafikiri tena."

Bibi Robhi akaanza kufunua kitenge kichwani.

"Keria ina mto?"

"Ina gunia, mama," Frida akasema. "Nitalikunja mara nne. Ila huyo mwenye pikipiki mwambieni, akimwaga maziwa yangu, soni haitamwokoa!"

Basi ndivyo walivyoingia Mugumu, na watu walisimama kuangalia. Mbele pikipiki imebeba maziwa kama imebeba mayai. Nyuma kabisa bibi kizee juu ya baiskeli, kakaa wima kama mbunge, Frida kashika usukani, Wegesa anasukuma jasho linamtoka. Kwenye kilima alisukuma mpaka juu, hakusema nimechoka. Benedicto akawahi hospitali, akasimama kwenye foleni kwa niaba ya mama mkwe. Walipofika, zamu ilikuwa imekaribia, Benedicto akaondoka zake kupeleka maziwa.

Jicho la kulia likafanyiwa siku ile. La pili wakasema watalifanya wakirudi. Bibi akalala hospitali na Wegesa pembeni, na asubuhi muuguzi akafungua bandeji. Mnajua alichosema bibi? Alimtazama Wegesa muda mrefu akasema, "Kumbe umekua hivi, na mimi nakununulia magauni mafupi." Sadock akaja kumchukua, Sadock wa kweli, ana petroli ile aliyoachiwa na Benedicto kwenye zizi. Yule mama alikuwa amejifungua salama. Bibi kabla hajapanda alimwinamia akamchungulia usoni kabisa. "Sema kitu," akamwambia. Sadock akasema, "Niseme nini, bibi?" Bibi akaijua sauti, akapanda.

Jumapili Benedicto akaleta mbuzi wa kuomba radhi, kama wazee wa ukoo walivyomwelekeza. Elieth naye akaja kutoka Kewanja. Mbuzi akachinjwa. Wazee wakasema yaliyopasa kusemwa, Benedicto akasikiliza kichwa chini, na kosa la kiti likaisha.

Chakula kilipoiva, Wegesa hakuketi. Alizunguka tu, kuleta maji, kuongeza kuni ambazo hazikuhitajika. Bibi akamwita jikoni. Elieth alikuwepo, anapakua.

"Wegesa, mbona unanikwepa? Sasa nakuona, ujue."

"Bibi, yale maneno... bado yanakuuma?"

"Yananiuma kidogo. Yataisha." Bibi akamshika kidevu. "Nisikilize. Ulinipenda, hilo nalijua. Ulitaka nione. Lakini mtu asiyeona, kitu pekee alichonacho ni maneno ya yule anayemwongoza. Ukisema hapa pana jiwe, nainua mguu. Ukisema huyu ni Sadock, kwangu ni Sadock. Siku ukinidanganya hata kwa wema, ndipo nakuwa kipofu kweli. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Ukitaka kumsaidia mtu, mwambie kweli kwanza, halafu muulize. Hata akiwa mzee. Hata akiwa mbishi kama bibi yako. Pale barabarani ulifanya hivyo, na ni wewe uliyenifikisha hospitali, si pikipiki."

Elieth akacheka. "Mama, na ule mkono ulioungua? Wewe ulisema kweli?"

Bibi akamtazama binti yake, akautazama mkono. "Hapo mmenishika," akasema. "Na mimi sitaficha tena. Haya, pelekeni chakula, watu wana njaa."

Wegesa akabeba sinia la wanaume mpaka nje, akamnawisha baba yake na wazee, akaliweka mbele yao chini ya ukuta. Akarudi ndani na sinia la wanawake. Bibi akanawa, akamega ugali, akauinua karibu na jicho lake jipya, akaugeuza huku na huku.

"Wegesa, ugali wako ulikuwa na madonge hivi siku zote?"

Wegesa akasita kidogo tu. "Siku zote, bibi."

"Vizuri. Kaa tule."

Akakaa. Nje wanaume walikuwa wameshaanza, ndani nako mikono ikaingia kwenye sinia, madonge na yote.