Siku Kabati Aliposimama

Mama Sponji alikuwa fundi wa makochi. Karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao. Mlijaa mbao, misumari, turubai na sponji za kila unene. Nywele zake nazo hazikukosa chembe za sponji, ndiyo maana majirani wakampa jina hilo.

Asubuhi moja alifungua mlango, akamkuta mbwa amelala kizingitini. Alikuwa mbwa mkubwa wa ulinzi, mwenye kichwa kama ndoo. Gari lilikuwa limemgonga alfajiri, likaenda zake. Mama Sponji alimfahamu. Wenyewe walihama nyumba ya kona, wakamwacha getini kama kiatu kibovu.

"Huyu si mbwa, ni kabati," alisema mumewe, ambaye kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. "Tutamhamishaje?"

Basi jina likawa hilo: Kabati.

Walimshika miguu ya mbele, wakamburuta hadi uani. Kabati alilia, nusura amng'ate mume mkono. Mama mkwe alichungulia kutoka nyuma ya mlango. Mama huyo aliogopa mbwa tangu utotoni.

"Mwacheni hapo hapo kwenye saruji," aliagiza. "Mgonjwa hasumbuliwi!"

Nyumbani kwao neno la mama mkwe halikupingwa. Walimwacha. Walimwekea beseni zima la chakula, maana mwili mkubwa unataka chakula kingi. Kabati alikuwa na njaa ya siku nyingi. Alikula chote, kisha akatapika chote.

Siku zikapita. Kabati hakusimama. Alilala upande ule ule, na nyongani kukatokea kidonda. Nzi wakajaa.

"Mke wangu," alisema mume kwa upole, "tumwite daktari wa mifugo ampige sindano ya kumpumzisha. Mnyama asiteseke."

Mama Sponji aligeuka kumtazama Kabati. Kila alipoingia uani, Kabati alipigapiga mkia sakafuni. Mkia ule ulikuwa bado unataka kuishi.

"Daktari aje," alijibu. "Lakini aje kutibu kwanza."

Daktari alikuwa dada mmoja mwenye mabuti marefu na sauti ya haraka. Alimwamkia mama mkwe, kisha akaomba kitambaa laini. Alimfunga Kabati mdomo kabla ya kumgusa.

"Mbwa mwenye maumivu humng'ata hata anayempenda," alieleza. "Lakini akitapika au akihema kwa shida, mfungueni mara moja."

"Alitaka kuning'ata mimi," mume alisema.

"Una bahati, kaka. Mbwa akikung'ata, osha jeraha papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, uoshe kwa muda mrefu. Halafu nenda hospitali siku hiyo hiyo. Kichaa cha mbwa kikishaanza hakina mchezo."

Alimpapasa Kabati miguu na mgongo. "Mifupa ni mizima. Nyonga imeumia, na misuli imelegea. Ila kidonda hiki hakikutokana na gari. Mmekifanya ninyi."

"Sisi!" Mama Sponji alishtuka. "Mbona hatukumgusa kabisa?"

"Ndiyo kosa lenyewe, dada. Mbwa mkubwa ni mzito. Akilala upande mmoja kwenye saruji, uzito wote unaukandamiza mfupa. Damu haipiti vizuri, ngozi inakufa. Lazima ageuzwe kila baada ya saa chache."

Mama mkwe alikohoa. Alifungua pindo la nguo yake, akatoa vidonge. "Na hivi vyangu vya mgongo je? Nilitaka kumpa."

"Heri hukumpa, mama. Dawa za maumivu za watu zinaweza kumuua mbwa."

Kisha daktari akasema lililomchoma Mama Sponji moyo. "Nitamtibu. Lakini mwisho wa mwezi miguu ya nyuma ikiwa bado haina nguvu, tutazungumza habari ya ile sindano. Kwa sasa mtafutieni kitanda kinene, laini na kikavu."

Wenyeji wote watatu waligeuka, wakatazama karakana iliyojaa sponji hadi darini.

"Mganga hajigangi!" mama mkwe alisema, akapiga makofi kwa mshangao.

Mama Sponji aliacha kochi la mteja, akashona godoro nene na kulivika turubai linalofutika. Walimsogeza Kabati juu yake kwa ubao mpana, bila kuvuta miguu. Kisha, kama daktari alivyomwelekeza, alishona mkanda mpana wenye sponji na vishikio viwili. Mkanda huo ulipita chini ya tumbo, wakamnyanyua nao sehemu ya nyuma.

Chakula kilikuwa kidogo kidogo, mara nyingi kwa siku. Kidonda kilioshwa kwa maji safi ya chumvi na kupakwa dawa. Miguu ilikunjwa na kunyooshwa taratibu. Mama mkwe alikaa mbali na mbwa, lakini ndiye aliyepiga kelele, "Mgeuzeni Kabati! Muda umefika!"

"Mama, si ulisema mgonjwa hasumbuliwi?" mwanawe alimtania.

"Geuza, acha maneno!"

Kidonda kilianza kufunga. Miguu, hata hivyo, ilining'inia tu. Mwisho wa mwezi ukafika, na daktari alikuwa njiani. Mume aliacha mizaha. Mama Sponji hakuweza hata kunywa chai.

"Tumnyanyue tena," alisema.

Walishika vishikio, mmoja huku, mwingine kule. Kabati akanyanyuka. Mama Sponji aliona mkanda umekuwa mwepesi mkononi.

"Punguza nguvu, mume wangu. Unanyanyua peke yako."

"Mimi? Mimi sinyanyui. Nilidhani ni wewe!"

Wakatazamana. Wakatazama chini. Mkanda ulikuwa umelegea. Kabati alikuwa amesimama kwa miguu yake minne!

Mama Sponji alipiga kigelegele hadi mtaa wa pili. Kabati alitetemeka, akapiga hatua, akayumba, akapiga nyingine. Alikwenda moja kwa moja kwa mama mkwe, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda.

"Mzuieni! Jamani, mzuieni!"

Hakuna aliyemzuia. Kabati alilaza kichwa kwenye mapaja ya mama mkwe. Mama mkwe alifumba macho. Alipoona hang'atwi, mkono wake ulishuka polepole, ukagusa sikio.

"Kumbe ni laini," alinong'ona, huku machozi yakimtoka.

Daktari alipoingia na mkoba wake, alimkuta Kabati anakoroma miguuni pa mama mkwe. Majirani walikuwa wamejaa uani wakishangilia. Daktari alisikia habari, akacheka kwa furaha.

"Mwamsheni basi nimpime, nimpe na chanjo."

Mama mkwe aliinua mkono.

"Ngoja kwanza, mwanangu. Mgonjwa tulimsumbua sana. Mzima huyu mwache alale."