Saruji Kwenye Mihrabu ya Siyu

Famau alikuwa mwadhini wa msikiti wa zamani wa Siyu. Kila alfajiri aliamka, akatawadha, akaenda kuadhini. Sauti alikuwa nayo, na maringo alikuwa nayo pia.

Jirani yake, Badawi, alikuwa fundi wa chokaa. Wawili hawa walikuwa hawasemezani, na sababu ni jogoo wa Badawi. Siku moja jogoo aliwika mapema mno. Famau akamwamini, akaadhini. Watu wakajaa msikitini, wakaisubiri alfajiri mpaka wakasinzia. Mji mzima ulicheka. Tangu hapo Famau alimnunia Badawi, na jogoo naye akanuniwa. Wakiwa na neno, walimtuma Bi Mwanamkisi, mke wa Famau, hata kama wamesimama pamoja.

Yapata mwaka 1912, lipu ya msikiti ilianza kubanduka. Famau aliingiwa na hofu. Nakshi za mihrabu, pale anaposimama imamu, zilichongwa na babu yake, na zikianguka hakuna wa kuzichonga tena. Lakini kumwomba Badawi? Hata kidogo. Alikwenda mji wa Amu, akaleta saruji, kitu kigeni siku hizo. Akaukandika ukuta wote wa mihrabu kuzizunguka nakshi, kisha akajisifu wiki nzima.

Masika yalipokuja, ukuta ulitota. Ijumaa moja, watu wamesujudu, bamba la saruji likaanguka. Lilibandua ua moja la nakshi. Famau aliliokota ua lile akalia mbele za watu.

Bi Mwanamkisi alimwita Badawi. Badawi aliukagua ukuta, akatoka nje walikokuwa mke na mume. Akamgeukia mke.

"Mwambie mumeo, jiwe la matumbawe hunywa mai, kisha huyatoa. Yeye ameziba ndia. Mai yatatoka wapi?"

"Mwambie sikujua," alisema Famau.

"Ambianeni wenyewe," alisema Bi Mwanamkisi. "Mimi koo limenikauka."

Famau akamgeukia jirani yake. Mwishowe akasema, "Badawi, nifundishe."

Wakaibandua saruji polepole, bila nyundo. Wakachoma matumbawe tanurini, wakayazima kwa maji yakawa chokaa, wakailoweka shimoni. Badawi alieleza kuwa chokaa haitaki haraka, hulowekwa miezi mingi ndipo ilainike. Famau alikwenda kuichungulia kila siku kama chungu cha wali, mpaka Badawi akamfukuza. Ilipoiva waliichanganya na mchanga usio na chumvi, wakapaka tabaka nyembamba, wakanyunyiza maji zisikauke upesi. Lile ua wakalirudisha mahali pake.

Masika yaliyofuata, ukuta ulikauka kila baada ya mvua. Famau alilipapasa ua la babu yake, moyo ukamtulia. Badawi akaukumbuka ugomvi wao, akaona aibu. Akasema yuko tayari kumchinja yule jogoo.

"Mwache," alisema Famau. "Tangu nianze kuadhini, msikiti huu umejaa alfajiri siku moya tu. Ni siku ile aliyowika yeye."

Badawi alicheka, akarudi nyumbani kwa jogoo wake.