Makopo ya Mstahiki

"Wanachama wote wa Chama cha Wenye Magari ya Farasi wanatangaziwa kwamba ndoo ya maji iliyokuwa upande wa kushoto wa lango la uwanja imehamishiwa upande wa kulia wa lango hilohilo. Wanachama wanaombwa kuzingatia mabadiliko haya na kuwaelekeza farasi wao ipasavyo."

Tangazo hilo lilisomwa na Mwenyekiti asubuhi moja tulivu, wanachama wakiwa wamesimama kando ya magari yao, kofia mkononi. Farasi walisimama pia. Jua lilikuwa halijapata makali, magurudumu yalikuwa yametiwa grisi, na miti iliyopandwa nje ya ukuta ilikuwa inaanza kutoa maua meupe ambayo kila mpita njia aliyasifu. Ndugu msomaji, ukitaka kuiona amani, ndiyo hiyo. Haikudumu hata tangazo likaisha. Mwenyekiti alipofika kwenye neno "ipasavyo", farasi mmoja alikohoa.

Farasi huyo aliitwa Mstahiki. Alikohoa tena, akainamisha shingo, na mbavu zake zikaingia na kutoka kama mivukuto ya mhunzi.

"Mwenyekiti, kuna mjumbe hapa anaomba nafasi ya kuchangia," alisema mmoja wa wenye magari.

Watu wakacheka. Mwenye Mstahiki hakucheka. Wala mkewe hakucheka, aliyekuwa amesimama langoni na kikapu cha chakula cha mumewe. Yeye alikuwa dobi, akifua mashuka ya nyumba ya wageni na kuyaanika uani kwao, karibu na ukuta wa uwanja, na kwa siku kadhaa alikuwa ameona kitu ambacho hakujua amwambie nani: kila siku mashuka yalipopata vumbi la njano kutoka kwenye yale maua, Mstahiki alikohoa.

Wawili hao hawakujaliwa mtoto. Walijaliwa farasi, na hawakunung'unika. Mstahiki alizaliwa bandani mwao mwaka ule walipooana. Mke ndiye aliyemkausha kwa shuka lake jipya. Farasi huyo aliwalisha wote wawili. Pumzi yake ikikatika, nyumba ile ilikuwa haina pumzi nyingine ya akiba.

Hapa sina budi kueleza desturi moja ya uwanja ule, kwa kuwa ndiyo iliyofanya kazi yote. Wauzaji wa nyasi kavu walikuwa na mchezo wa kuzimwagia maji ili zilemee kwenye mizani. Kwa hiyo mwenye gari aliyejiheshimu hakulisha nyasi zilizolowa. Kila adhuhuri, mbele ya wateja, alifungua mtita, akaukung'uta kwa nguvu chini ya pua ya farasi wake, hadi vumbi likapanda kama moshi. Vumbi hilo lilikuwa hati ya uaminifu. Lilipopanda, na heshima ilipanda nalo. Kwamba farasi ndiye aliyekuwa akiivuta hati hiyo mapafuni, jambo hilo halikuwahi kufikishwa kwenye mkutano wowote.

Daktari wa mifugo aliitwa. Aliweka sikio ubavuni, akatazama matundu ya pua yaliyotanuka, akaingia bandani, akapiga dari kwa fimbo, akatoka na mabega meupe.

"Huyu ana pumu," alisema. "Vumbi la nyasi linaanza, vumbi la maua linamalizia. Loweka nyasi zake kabla ya kumpa. Mtoe bandani alale nje, mbali na ile miti. Akizidiwa niite, nina dawa ya kumvutisha."

"Na dawa ya sasa hivi?" mume aliuliza.

"Maji."

"Maji tu?"

"Maji na hewa."

"Nasikia kuna virutubisho, daktari. Unga wa kufungua kifua."

"Vipo, tena vingi. Ukishafanya haya niliyosema, mpe unga ukitaka. Lakini ukimvutisha vumbi mchana na kumpa unga jioni, unafanya kazi ya panya: unang'ata na kupuliza."

Akaenda zake. Mume alimsindikiza kwa macho hadi kwenye kona.

"Daktari gani huyu? Kaja na mkoba, kaondoka na mkoba, hata kidonge hakutoa! Maji! Mama yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na maji, na hakuna aliyemwita daktari."

"Lakini amesema tuloweke."

"Nyasi za kuloweka ni za mwizi wa mizani. Unataka niitwe hivyo uwanjani? Na Mstahiki alale nje kama punda wa kuokotwa? Mke wangu, banda hili alilijenga baba."

Banda, kwa kweli, lilijengwa vizuri sana. Halikuwa na dirisha.

Pasipo na dawa ya kuuziwa, muuzaji hachelewi. Aliyekuja aliitwa na watu Bwana Kopo, mtu wa sauti laini na viatu safi, aliyebeba sanduku lenye rafu ndani yake kama duka dogo. Aliyapanga makopo juu ya meza ya kukunjia mashuka.

"Hili ni la mapafu. Hili ni la koo. Hili ni la farasi aliyekata tamaa."

"Nitajuaje kwamba amekata tamaa?" mke aliuliza.

"Shemeji, utaona kwa mkia."

"Na tofauti ya la bluu na la kijani?"

"La bluu ni la wanaoanza. La kijani ni la wanaojali."

"Ndani yake mna nini?"

"Mna faida, shemeji."

Mume alichukua la kijani. Nani angekubali kuonekana hajali, tena nyumbani kwake?

Mke hakubishana. Kulisha jioni kulikuwa kazi yake, wakati mumewe akiwa bado uwanjani. Alichukua karai kubwa la kufulia, akalisuuza hata likawa halina harufu ya sabuni, akazamisha mtita wa nyasi, akauinua ukichuruzika, akampelekea Mstahiki nyuma ya banda, upande usio na miti. Alinyunyizia maji sakafuni. Mume aliporudi alikuta farasi ameshiba, na kijiko cha unga wa kijani kimeshaingia kwenye pumba kama alivyoagiza.

Baada ya muda kikohozi kikapungua. Mbavu zikatulia. Asubuhi moja Mstahiki alitoka bandani kichwa juu, akakojoa kwa kujiamini, na mume akamshika mkewe bega.

"Unaona? Unaona kopo la kijani?"

Hapa, ndugu msomaji, pana mahali pa kusimama. Mke alikuwa na sentensi moja mdomoni, fupi, ya kweli. Alimtazama mumewe, ambaye kwa muda mrefu hakuwa ametabasamu. Akafikiria fedheha ya uwanjani, na ugomvi, na kwamba farasi si anapona? Kuna ubaya gani sifa ikienda kwa kopo?

"Naona," alisema.

Kwa neno hilo moja kopo lilipata shahidi. Mume alitoa ushuhuda uwanjani huku akilipandisha juu kama kombe la ushindi. Wenye magari wengine wakanunua. Wenye farasi waliokohoa walinunua la kijani, na wenye farasi wasiokohoa walinunua la bluu, ili wasianze. Bwana Kopo alimwita mume "balozi wetu", na balozi akaanza kuvaa kofia nyeupe siku za kazi.

Maua yalipofunguka yote, mashuka ya mke yakawa ya njano kabla hayajakauka. Mstahiki alianza tena kupumua kwa tumbo, kwa mbali. Bwana Kopo alifika na kopo jipya, kubwa, lenye picha ya ua.

"Hili halipewi kila mtu," alisema. "Ni chavua halisi, lile vumbi la maua lenyewe, limekusanywa na nyuki, likakaushwa, likasagwa."

Mke aliacha kukunja shuka. "Daktari alisema vumbi la maua ndilo linalomuua."

"Ndiyo maana, shemeji! Dawa ya moto ni moto."

"Nyumba ikiungua, huwa mnaizima na nini kwenu?"

Bwana Kopo alicheka kwa adabu. Mume hakucheka. "Tatizo lako," alimwambia mkewe, "umeona kwa macho yako kopo likifanya kazi, na bado hushukuru. Dawa hii inataka kipimo kamili. Kuanzia leo nalisha mimi jioni."

Akaanza kulisha. Alikung'uta nyasi kavu chini ya pua ya Mstahiki, kwa upendo wote wa baba, akamimina juu ya pumba kijiko cha unga wa njano mwepesi kama hewa, ambao farasi aliuvuta kabla hajautafuna. Banda lilifungwa mlango asipigwe na baridi. Karai likarudi kwenye mashuka.

Hali ilipokuwa mbaya, mke alisema ukweli wote jikoni, huku akishika ukingo wa meza.

"Ni maji. Nilikuwa naloweka nyasi, kila jioni. Si kopo, ni maji."

Mume alilichukua kopo lake rafuni. "Ulimlisha farasi wangu nyasi za wezi," alisema, "na dawa ikamponya hata hivyo. Ndiyo ujue ni dawa ya namna gani."

Siku ya pili yake mke alikwenda uwanjani adhuhuri, saa ya kukung'uta. Akaichukua ndoo ya chama pale ilipo, upande wa kulia, akatumbukiza mtita wa Mstahiki mbele ya wanachama na wateja wao.

"Jamani, tazameni! Hivi ndivyo alivyopona! Makopo mnayonunua nimeyasababisha mimi kwa kunyamaza!"

"Mwizi wa mizani!" mtu alipaza sauti.

"Shemeji, mfulie na soksi humohumo!"

"Mwenyekiti, ndoo ya kunywea inafanywa beseni!"

Mstahiki alikuwa amenyoosha shingo kuelekea nyasi zile zinazochuruzika. Midomo yake iliwahi kushika majani mawili matatu. Mume alipita katikati ya watu, uso umemwiva kwa aibu, akauvuta mtita, akautupa nje ya lango. Kisha akafungua mtita mpya, mkavu, akaukung'uta mara mbili ya kawaida, ili asibaki mtu mwenye shaka.

Alasiri hiyo alichukua mzigo wa kabati la milango mitatu, kulipandisha mwinuko wa barabara ya soko. Nje ya ukuta upepo ulikuwa unapukutisha maua. Kijana wa duka la viatu ndiye aliyekimbia kumwita mke. "Mama, njoo. Njoo tu."

Alimkuta Mstahiki amelala ubavu kati ya mikono ya gari, ulimi nje, maua meupe yakimwangukia shingoni. Kabati lilikuwa limesimama wima, halikupata hata mkwaruzo. Mume alikuwa amepiga magoti barabarani, kopo mkononi, akijaribu kupitisha kijiko katikati ya meno ya farasi.

"Kipimo," alikuwa akisema. "Sikumpa kipimo cha mchana."

Mke alimshika mkono wenye kijiko, akauteremsha. Ubavu wa Mstahiki ulikuwa bado na joto, lakini ulikuwa umetulia, jinsi walivyoomba utulie kwa miezi yote ile.

Bwana Kopo alikuja kutoa pole. Alisema kwa masikitiko kwamba laiti wangeanza mapema. Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alimpa mume kazi. Sasa mume husukuma mkokoteni wa makopo kwa mikono yake, kutoka ghala hadi uwanja, akipita chini ya miti ileile. Banda la baba yake ni stoo ya makopo. Kavu kabisa, wanasema, hakuna banda linalofaa zaidi. Kifua kimeanza kumbana. Ile chavua iliyobaki anainywa yeye, kijiko asubuhi na kijiko jioni, kwa sababu kuitupa ni hasara.

Mara moja tu aliuliza. Walikuwa wakila, kila mtu akitazama sahani yake.

"Kwa nini hukuniambia, siku ile niliposema 'unaona'?"

"Ningekuambia, ungenisikia?"

Alifikiri kwa uaminifu, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. "Siku ile," alisema, "nadhani ningekusikia."

Mke aliondoa sahani, akaenda kuanua mashuka.

FUNZO

Ndugu msomaji, hadithi hii haikuandikwa kuwatukana wauza makopo; wao hufanya kazi yao kwa bidii, na kopo moja moja pengine lina faida mahali pake. Imeandikwa kwa ajili yetu sisi wanunuzi. Tiba isiyouzwa haina wa kuitangaza, kwa hiyo huonekana si tiba. Anayemwondolea mgonjwa kinachomdhuru huonekana hakufanya kitu, na anayemwongezea kitu huonekana ndiye anayejali. Kabla hujauliza umpe nini mgonjwa wako, uliza ni nini unachomfanya avute kila siku, na ni heshima ya nani inayomlazimu akivute.

Na wewe unayejua, usinyamaze kwa ajili ya amani ya nyumba. Wahenga walituonya kuhusu mficha maradhi, kwamba kilio humuumbua. Hawakufikiria kwamba angetokea mficha tiba. Uongo wa kopo haukumhitaji yule mke auseme. Ulihitaji tu asiukanushe asubuhi moja, na asubuhi hiyo haikurudi.

Na ili asiwepo wa kudai kwamba jamii haikuchukua hatua, uamuzi wa kikao cha dharura cha chama ulikuwa huu: "Kamati, baada ya kupokea kwa huzuni taarifa ya kifo cha farasi Mstahiki, inaazimia kwamba ni marufuku kuloweka nyasi katika ndoo ya uwanja. Aidha, kwa kumuenzi marehemu, ndoo hiyo irudishwe upande wa kushoto wa lango."