Macho ya Bosi

Siku ile ilianza kama siku yoyote ya kazi. Fundi alifungua dirisha la chumba cha mbele, ambacho ndicho karakana yake ya kompyuta, akapangusa meza, akaweka kikombe cha chai mbali na waya. Barabarani gari la taka lilikuwa linarudi nyuma huku likilia. Mama yake, ambaye macho yalikuwa yamemwishia polepole, alikaa kwenye kiti cha kona akikunja nguo kwa vidole, kola juu ya kola, bila kukosea.

Asubuhi hiyo Mama Mdogo alikuja na neno moja tu: laptopu ya marehemu ichomwe.

Marehemu alikuwa kaka yake Fundi, mpiga picha za harusi. Alipokufa, laptopu yake alipewa mtoto wa Mama Mdogo, kijana muuza viatu mwenye domo ambalo mtaa mzima ulilijua. Aliiwasha siku ya kwanza, na spika ikamuuliza kwa sauti ya marehemu, "Unanisikia?" Akajibu, "Nakusikia, kaka." Hayo ndiyo maneno ya mwisho watu kuyasikia kinywani mwake. Tangu hapo alikuwa anafungua mdomo na kuufunga, kama samaki kwenye beseni. Madaktari walimulika koo lake wakaona koo.

Fundi hakubisha. Hakuwa mtu wa kumcheka anayeogopa, wala wa kumwita mjinga. Ila ndani ya laptopu ile kulikuwa na faili moja ya sauti ambayo kaka aliipa jina Macho ya Bosi. Bosi ni mama yao. Hivyo ndivyo kaka alivyomwita tangu alipoanza kutania. Mama alipoanza kupoteza macho, kaka alichukua picha zote za familia akarekodi maelezo ya kila moja kwa sauti yake, ili siku giza likikamilika awe na cha kutazama. Alimaliza kazi hiyo, akafa kabla ya kumsikilizisha.

"Ukichoma," mama alimwambia mdogo wake bila kupandisha sauti, "unanichoma macho mara ya pili."

Basi Fundi akawaeleza atakavyofanya. Hataiwasha laptopu. Ataitoa diski yake, aichukulie nakala nzima, kisha nakala hiyo aiwashe ndani ya mashine pepe. Mama Mdogo akauliza mashine pepe ni mdudu gani.

"Ni kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta yangu. Naikatia kipande cha kumbukumbu na kona ya diski, inajiona ni kompyuta kamili. Kilichomo humo hakijui kama kuna nje."

"Na kikijua?"

"Kitakuta milango imefungwa."

Akaifunga mmoja mmoja, mchana kweupe. Akakata mtandao. Akaondoa folda ya pamoja, ile ambayo mtu huweka faili huku ikaonekana kule. Akazima njia ya kunakili neno upande mmoja na kulibandika mwingine. Akazuia kamera na soketi za kuchomekea flashi. Maiki hakuridhika kuizima. Alichukua bisibisi, akafungua kompyuta yake, akaing'oa maiki yenyewe, kitu kidogo kama punje ya mchele, akaiweka kwenye sahani ya kikombe. Spika aliiacha. Sauti itoke, isiingie. Mbele ya spika aliweka redio kaseti ya zamani, iirekodi hewani, maana hakutaka faili yoyote ivuke.

Mwisho akahifadhi hali. "Hii ni kama kuipiga picha mashine ikiwa hivi ilivyo," alisema. "Ikiharibika, nairudisha hapa. Kila kilichotokea baada ya hapa kinakuwa hakikutokea."

Sharti lilikuwa moja. Asijibu mtu.

Ikawaka. Picha ambayo kaka aliiweka kwenye skrini ikatokea, bibi harusi asiyejulikana amefumba macho kwa upepo. Fundi akafungua faili.

"Bosi," sauti ya kaka ikasema, na mama akaacha kukunja nguo. "Kaa vizuri. Ya kwanza ni wewe na marehemu mzee mlangoni. Umenuna. Yeye amekanyaga kiatu chako, na nadhani amekusudia."

Mama akacheka bila sauti. Picha zikapita: Fundi akiwa mtoto asiye na meno ya mbele, Mama Mdogo kwenye gauni la kuazima lililomzidi. Hata Mama Mdogo alijisahau, akajifuta machozi kwa kiganja.

"Imebaki moja, Bosi. Hii nimeiweka mwisho makusudi."

Kisha kimya. Mshale wa kipanya ukasogea kidogo. Mkono wa Fundi ulikuwa mapajani.

"Mama," sauti ya kaka ikasema. "Mama, unanisikia?"

Hakuna aliyejibu. Gari la taka lilikuwa limeshaondoka.

"Mama. Unanisikia?"

Fundi alimwona mama yake akinyanyua kidevu. Alikijua kidevu kile. Alinyoosha mkono, akachelewa.

"Wewe si mwanangu," mama alisema. "Mwanangu haniiti..."

Sauti ikakatika. Midomo iliendelea.

"...hivyo," spika ikamalizia. Kwa sauti ya mama.

Fundi akatazama sahani. Maiki ilikuwa palepale. Haikuwa imeshikana na waya wowote.

Akaizima mashine pepe kwa kuikata, kama mtu anavyong'oa plagi. Akachagua hali aliyoihifadhi. Akairudisha. Mstari wa kijani ulitambaa mpaka mwisho wa skrini.

Mama akakohoa. "...hivyo," alisema yeye mwenyewe.

"Imetosha," Mama Mdogo alinong'ona. "Dada, imetosha. Tuchome."

Mama alikuwa anapapasa rundo la nguo. Akachomoa kitambaa, akakikunja.

"Picha moja imebaki," alisema. "Sitanyang'anywa picha yangu nyumbani kwangu. Washa."

Akakitia kitambaa mdomoni. Fundi akang'ata kola ya shati lake. Mama Mdogo akapewa soksi, na hata kwa hofu ile aliinusa kwanza.

Ikawaka upya. Fundi alipeleka faili mbele mpaka karibu na mwisho.

"Mama, unanisikia?" Kwa upole uleule wa mwanzo. Lile lililokuwa ndani halikukumbuka kitu. Lilikuwa linaanza upya, na Fundi, kwa mara ya kwanza, akalihurumia kidogo. Kidogo tu.

Kimya chao kikalichosha. Likabadilika.

"Mama." Sauti ya muuza viatu sasa, na kicheko chake chembamba. "Mama, niko huku. Kuna giza. Niitikie."

Mama Mdogo akasimama. Soksi ikaanguka. Akavuta pumzi ya kuita.

Mama, asiyeona, alimfikia kabla ya Fundi. Alimziba mdomo kwa kiganja, akamvuta kifuani, akamshikilia hapo. Juu ya sauti ile iliyokuwa bado inaomba iitikiwe, kaka mwenyewe akaanza kuongea kutoka kwenye faili.

"Ya mwisho ni hii, Bosi. Hujui kama niliipiga. Unatia uzi kwenye sindano, huuoni tena, na hutaki kumwita mtu. Umeukosa. Umeukosa tena. Hapa nimekukamata umepata. Laiti ungeuona uso wako. Ndiyo basi."

Kaseti ikabofya.

Fundi akaikata mashine. Akafuta nakala. Akachukua diski yenyewe ya marehemu, akaifuta kwa kuiandika sifuri tupu kuanzia mwanzo hadi mwisho, na walikaa pale watatu, vitambaa mdomoni, wakiitazama mpaka ikaisha.

Simu ya Mama Mdogo ikalia. Jina la mwanawe. Kijana asiyekuwa na sauti alikuwa anapiga simu.

Hakuthubutu kupokea. Mama akatoa kitambaa, akanyoosha mkono, akapewa.

"Sema."

"Mama Mkubwa?" Sauti ilikwaruza, lakini ilikuwa yake. "Mbona hapa nyumbani kila mtu ananikodolea macho? Nimesema naomba maji tu."

Mama Mdogo alikaa chini sakafuni.

Mama Mdogo alipoondoka, Fundi alirudi mezani kurudishia maiki yake. Sahani ilikuwa imelowa. Ile punje ilikuwa na ukungu mwembamba, kama kioo kilichopumuliwa kwa karibu. Alipoigusa, ilikuwa ya moto, joto la ndani ya kinywa.

Hakuitupa. Aliitia kwenye kopo la skrubu, akakaza kifuniko, akaliweka rafu ya juu likitazama ukuta. Halafu akambonyezea mama yake kaseti, kwa sauti ya juu kabisa, dirisha likiwa wazi.

Kopo lipo mpaka leo. Rafu ile ina vumbi kavu kila mahali, isipokuwa kwenye duara lililo chini yake, ambalo huwa limelowa.